George Westinghouse: Tajiri wa breki aliyeufanya umeme usafiri

Na Mwandishi Wetu

DEREVA wa lori anayeshuka Mlima Kitonga akitokea Iringa anajua maisha yake yako kwenye mguu wa kulia. Kila akikanyaga breki na kuiachia, husikika mlio wa upepo ukitoka chini ya gari. Abiria wameuzoea mlio huo, lakini wachache wanajua kwamba kanuni ya breki za upepo ilianzia kwenye reli za Marekani mwaka 1869, na kwamba aliyeibuni alikuwa kijana wa miaka 22.

Jina lake ni George Westinghouse. Breki ndizo zilizompa utajiri, lakini deni kubwa ambalo dunia inadaiwa naye liko kwenye zile nguzo ndefu za chuma zinazokatiza mashamba na mapori zikiwa zimebeba nyaya za umeme. Ni yeye, zaidi ya mfanyabiashara mwingine yeyote wa wakati wake, aliyeweka rehani mali yake na jina lake ili kuthibitisha kwamba umeme unaweza kuzalishwa penye maji yanayoporomoka na kutumika mjini, mbali na mto.

Leo, wakati nchi zetu zinajenga mabwawa, vinu vya upepo na mitambo ya jua mbali na miji, habari za mtu huyu zinafaa kusomwa upya. Zina mafunzo kwa mhandisi, kwa mwenye kiwanda na kwa mkulima ambaye nguzo zinapita shambani kwake.

Mtoto wa karakana ya zana za kilimo

Westinghouse alizaliwa Oktoba 6, 1846, katika kijiji cha Central Bridge, jimbo la New York. Baba yake alikuwa fundi wa zana za kilimo. Mwaka 1856 familia ilihamia mji wa Schenectady, ambako mzee huyo alikuwa na karakana iliyotengeneza mashine za kupura nafaka na injini ndogo za mvuke.

Ndani ya karakana hiyo ndimo kijana alimopata elimu yake ya kweli. Shule haikumvutia sana, lakini chuma, mikanda na magurudumu vilimvuta kila siku.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto nchini Marekani, alijiunga na jeshi la upande wa Kaskazini akiwa bado kijana mdogo, kisha akahamia jeshi la majini kama fundi wa mitambo. Kaka yake mmoja alifia vitani. Baada ya vita aliingia Chuo cha Union, akakaa miezi michache tu, akarudi karakanani. Mwaka 1865, akiwa na miaka 19, alipata hataza yake ya kwanza, yaani haki ya kisheria ya mvumbuzi, kwa injini ya mvuke aliyoibuni. Kufikia mwisho wa maisha yake alikuwa na hataza 361.

Siku moja akiwa safarini alikuta treni mbili zimegongana. Madereva walikuwa wameonana kutoka mbali, reli ilikuwa imenyooka na siku ilikuwa angavu, lakini hawakuweza kusimama kwa wakati. Zama hizo breki za treni zilifungwa kwa mkono. Wafanyakazi walikimbia juu ya mabehewa kutoka moja hadi jingine wakizungusha magurudumu ya breki, na wengi walianguka wakafa.

Westinghouse alifikiria kutumia mvuke, akaona hautafaa kwa kuwa hupoa ukifika mabehewa ya nyuma. Kisha akasoma habari za wachimbaji wa njia ya chini kwa chini katika milima ya Alps, kati ya Ufaransa na Italia, waliotumia upepo ulioshindiliwa kuendesha mashine za kutoboa miamba. Kama upepo unaweza kusafiri kwenye bomba refu hadi ndani ya mlima na kufanya kazi huko, alijiuliza, kwa nini usisafiri chini ya mabehewa?

Mwaka 1869 alipata hataza ya breki ya upepo na kuanzisha kampuni mjini Pittsburgh. Mwaka 1872 aliiboresha ili bomba likipasuka, au mabehewa yakikatika, breki zikamate zenyewe. Mwaka 1893 sheria ya Marekani ilizilazimisha kampuni za reli kutumia breki za upepo.

Somo la gesi

Mwaka 1884 Westinghouse, wakati huo tayari tajiri, alichimba kisima cha gesi kwenye uwanja wa nyumba yake mjini Pittsburgh. Gesi ililipuka kwa nguvu iliyotikisa mtaa. Wengi walidhani ni mchezo wa tajiri, lakini yeye aliona biashara: viwanda vya Pittsburgh vilichoma makaa ya mawe usiku na mchana, na gesi ingeweza kuwa nafuu.

Tatizo lilikuwa ni kuifikisha. Ukiisukuma gesi kwa nguvu kubwa mpaka ndani ya nyumba, utaua watu. Ukiisukuma kwa nguvu ndogo kutoka visimani, haitafika mbali.

Aliamua kuisafirisha gesi kwa msukumo mkubwa katika mabomba membamba, na kila ilipokaribia mji aliipitisha katika mabomba mapana zaidi ili msukumo upungue, mpaka ilipofika jikoni ikiwa salama. Katika miaka michache alipata hataza zaidi ya 30 za mambo ya gesi.

Msomaji aliweke somo hili akilini: nguvu kubwa safarini, nguvu ndogo nyumbani. Mwaka uliofuata Westinghouse alilihamishia kwenye umeme.

Umeme uliokwama mtaani

Septemba 4, 1882, Thomas Edison alifungua kituo cha umeme katika mtaa wa Pearl, mjini New York. Ilikuwa kazi kubwa na heshima yake haipingiki. Lakini umeme wa Edison ulikuwa wa mkondo mnyoofu, yaani unaokwenda upande mmoja tu kama ule wa betri ya gari, na ulitoka kituoni kwa volti kama 110. Haukuweza kuhudumia wateja waliokuwa mbali zaidi ya takriban kilometa moja na nusu hivi.

Waya wowote hula sehemu ya umeme unaoupitisha na kuigeuza kuwa joto. Kinacholiwa hakitegemei volti, bali wingi wa mkondo, na hukua kwa kasi: mkondo ukiongezeka mara mbili, upotevu huongezeka mara nne. Sasa, umeme ule ule unaweza kubebwa kwa namna mbili: mkondo mwingi na volti chache, au mkondo kidogo na volti nyingi. Ukipandisha volti mara kumi, mkondo hushuka mara kumi, na upotevu katika waya ule ule hushuka mara mia moja.

Mkulima wa nyanya atalielewa jambo hili upesi. Akijaza matenga hovyo kwenye gari bovu, nusu ya mzigo utasagika kabla ya kufika sokoni. Siyo kwamba shamba halikuzaa. Ni usafiri ulioua mavuno. Edison alikuwa na shamba zuri, ila soko lake liliishia mwisho wa mtaa.

Dawa yake ilikuwa kujenga kituo kila baada ya mitaa michache, au kununua nyaya nene za shaba ambayo bei yake ilikuwa ikipanda. Kwa mji wenye watu waliobanana na wenye fedha hilo liliwezekana. Kwa mji mdogo, kwa mgodi mlimani au kwa mto ulio mbali, haikuwezekana. Na kwa mkondo mnyoofu wa wakati ule hakukuwa na njia rahisi ya kupandisha volti kwa ajili ya safari na kuzishusha tena mlangoni kwa mteja.

Mwaka 1885 Westinghouse alisoma habari za kifaa cha Mfaransa Lucien Gaulard na mwenzake Mwingereza John Gibbs, kilichokuwa kimeonyeshwa London na Turin. Kifaa hicho kilitumia mkondo geu, yaani unaobadili mwelekeo mara nyingi kila sekunde, na kingeweza kubadili volti bila kuwa na kipande kinachozunguka. Ndicho tunachokiita leo transfoma. Huko Budapest mafundi watatu wa kampuni ya Ganz nao walikuwa wakitengeneza transfoma bora mwaka huo huo.

Westinghouse akaona kwamba hili lilikuwa lile lile somo la gesi. Akaagiza vifaa kutoka Ulaya, akanunua haki za kuvitumia Marekani, na kumkabidhi fundi wake kijana, William Stanley, kazi ya kuviboresha. Ndani ya kampuni yake wengi hawakuafiki. Waliona bosi anacheza na kitu cha hatari wakati breki zinaleta faida.

Januari 1886 alianzisha kampuni ya umeme. Machi mwaka huo Stanley aliwasha maduka na ofisi za mji mdogo wa Great Barrington, jimbo la Massachusetts, kwa mkondo geu uliopandishwa na kushushwa kwa transfoma. Kabla ya mwaka kwisha, kampuni ilikuwa imeanza kuuza umeme wa aina hiyo mjini Buffalo.

Mhamiaji mwenye mota

Bado kulikuwa na pengo. Mkondo geu uliweza kuwasha taa, lakini hapakuwa na mota nzuri ya kuutumia. Umeme wa taa peke yake huuzwa usiku. Mchana mtambo hulala na deni halilali. Bila mota, viwanda visingenunua.

Mei 1888 Nikola Tesla, mhamiaji Mserbia aliyezaliwa katika sehemu ambayo sasa ni Kroatia, aliwaeleza wahandisi wa New York mota yake iliyotumia mikondo geu zaidi ya mmoja kwa pamoja. Westinghouse hakuchelewa. Mwezi Julai alinunua haki za Tesla kwa fedha taslimu, hisa na ahadi ya mrabaha wa dola 2.50 kwa kila nguvu-farasi moja itakayouzwa. Mwaka huo huo mhandisi wake Oliver Shallenberger alibuni mita ya kupima mkondo geu. Sasa alikuwa na jenereta, transfoma, mota na mita. Yaani biashara kamili tangu mtambo hadi ankara.

Vita na Edison

Waliouza mkondo mnyoofu hawakukaa kimya. Edison na watu waliomuunga mkono walieneza kwamba mkondo geu wa volti nyingi ni muuaji. Wanyama waliuawa hadharani kwa umeme ili kuthibitisha hoja. Jimbo la New York lilipoamua kuwanyonga wahalifu kwa kiti cha umeme, wapinzani wa Westinghouse walihakikisha kwamba jenereta zitakazotumika ni za kampuni yake, zilizopatikana bila ridhaa yake. Mtu wa kwanza aliuawa kwa kiti hicho Agosti 6, 1890, na kazi ilifanyika vibaya hata walioshuhudia wakaingiwa na kichefuchefu.

Ni haki kusema kwamba woga haukuwa wa bure kabisa. Mwezi Oktoba 1889 fundi wa simu za maandishi alikufa akiwa amenasa juu ya nguzo katikati ya New York, mbele ya umati. Nyaya za mji huo zilikuwa zimetundikwa ovyo kama utando wa buibui. Westinghouse alitetea mkondo geu kwa hesabu za ajali na kwa kusema kwamba transfoma huzitenga volti kubwa na nyumba ya mteja. Lakini fundisho lililobaki ni kwamba umeme wa masafa unahitaji nidhamu: nguzo imara, nafasi iliyo wazi chini ya nyaya, na mafundi waliofunzwa.

Pigo lililokaribia kumuua kibiashara lilitoka kwingine. Mwishoni mwa mwaka 1890 benki kubwa ya Baring ya London iliyumba, mikopo ikakauka duniani, na kampuni ya Westinghouse, iliyokuwa imepanuka haraka kwa fedha za kukopa, ikabanwa. Mabenki ya Pittsburgh yalikubali kumsaidia kwa sharti la kuwa na sauti katika uendeshaji. Alikataa, akaenda New York, na mwaka 1891 kampuni ikasukwa upya kwa fedha za huko.

Waliomwokoa hawakuupenda ule mrabaha wa Tesla. Inasimuliwa kwamba Westinghouse alimweleza mvumbuzi huyo hali ilivyo, na Tesla akakubali kuuachia. Baadaye kampuni ilinunua haki zake moja kwa moja kwa dola 216,000. Ni fedha nyingi kwa wakati ule, lakini ni chembe tu ya alichopoteza.

Mgodi, maonyesho na maporomoko

Wakati matajiri wakibishana mijini, jibu lilipatikana mlimani. Karibu na Telluride, jimbo la Colorado, mgodi wa dhahabu ulioitwa Gold King ulikuwa ukielemewa na gharama za nishati ya kuendeshea mitambo yake huko juu mlimani. Wakili aitwaye Lucien Nunn alitaka kutumia mto uliokuwa chini bondeni. Westinghouse alimpa jenereta na mota. Mwaka 1891 umeme wa volti 3,000 ulisafiri kama kilometa nne kutoka Ames hadi mgodini, ukastahimili radi na theluji, na mgodi ukaendelea kuchimba.

Mwaka huo huo, mwezi Agosti, Wajerumani na Waswisi waliushangaza ulimwengu. Kwa uongozi wa Oskar von Miller, umeme wa maji ulizalishwa Lauffen kwenye mto Neckar na kupelekwa Frankfurt, umbali wa kilometa 175, na takriban robo tatu ya nguvu ilifika salama. Pale kwenye maonyesho uliwasha taa elfu moja na kusukuma pampu ya maporomoko ya bandia, maji ya mto mmoja yakiinua maji ya mji mwingine.

Mwaka 1892 kampuni ya Edison iliunganishwa na mshindani wake kuunda General Electric. Ikaja zabuni ya kuwasha taa katika maonyesho makubwa ya Chicago ya mwaka 1893. Westinghouse alishinda kwa dola 399,000, wakati General Electric walitaka dola 554,000. Kwa kuwa hataza ya balbu ilikuwa mikononi mwa wapinzani, mafundi wake walilazimika kubuni balbu ya aina nyingine yenye kizibo na kuitengeneza kwa wingi ndani ya miezi michache. Zilihitajika taa zaidi ya 90,000. Maonyesho yalipofunguliwa Mei 1, mamilioni ya watu walitembea usiku chini ya mwanga wa mkondo geu, wakatoka salama.

Lakini tunda kubwa lilikuwa Niagara. Kwa miaka mingi watu walikuwa wameyatazama maporomoko hayo, mpakani mwa Marekani na Canada, wakijiuliza jinsi ya kuyatumia bila kuvihamishia viwanda vyote mtoni. Mji wa Buffalo, wenye bandari, reli na viwanda, ulikuwa umbali wa kilometa zipatazo 40. Kamati ya wataalamu iliyoongozwa na mwanasayansi mashuhuri wa Uingereza, Lord Kelvin, ilipokea mapendekezo ya kila namna: kamba na magurudumu, maji ya shinikizo, upepo ulioshindiliwa, mkondo mnyoofu. Kelvin mwenyewe mwanzoni hakuwa rafiki wa mkondo geu.

Oktoba 1893 Westinghouse alipewa kazi ya kutengeneza jenereta tatu za kwanza, kila moja ya nguvu-farasi 5,000, kubwa kuliko zote zilizowahi kutengenezwa kwa mkondo huo. Cha ajabu, njia ya kupeleka umeme Buffalo walipewa General Electric. Maadui wa jana wakafanya kazi kwenye mradi mmoja.

Mwaka 1895 mitambo ilianza kuhudumia kiwanda cha alumini kilichokuwa jirani. Usiku wa kuamkia Novemba 16, 1896, umeme uliopandishwa hadi volti 11,000 ulifika Buffalo na kuanza kuendesha magari ya reli ya mjini. Mji mkubwa uliendeshwa kwa nguvu ya maji ambayo wakazi wake hawakuyaona wala kuyasikia. Makaa ya mawe yalipata mshindani asiyehitaji kuchimbwa.

Tajiri aliyependwa na wafanyakazi

Hapa wenye viwanda wasome kwa makini. Wakati wafanyakazi wa Marekani walifanya kazi siku sita kamili kwa wiki, Westinghouse aliwapa wake mapumziko ya Jumamosi mchana. Alipohamishia kiwanda cha breki Wilmerding, nje ya Pittsburgh, alijenga mji wenye nyumba nzuri ambazo wafanyakazi waliweza kuzinunua kwa malipo ya kidogo kidogo. Baadaye ulianzishwa mfuko wa pensheni.

Ukarimu huo ulimrudia siku ya shida, maana shida ilirudi. Westinghouse alikuwa mjuzi wa mitambo lakini hakupenda kusikia habari za tahadhari katika fedha. Kila alipoona soko alijenga, na alijenga kwa mikopo ya muda mfupi akitegemea kwamba itaongezwa muda. Oktoba 1907 hofu ilipozikumba benki za New York, mikopo haikuongezwa. Kampuni yake ya umeme, iliyokuwa na wateja tele na viwanda vilivyojaa kazi, iliwekwa chini ya usimamizi wa mahakama kwa sababu haikuwa na fedha mkononi za kulipa madeni yaliyoiva.

Maelfu ya wafanyakazi walinunua hisa ili kusaidia kuiokoa. Iliokoka, lakini mwenyewe hakuokoka nayo. Mabenki yalichukua usukani, na kufikia mwaka 1911 hakuwa tena na madaraka katika kampuni iliyobeba jina lake. Kampuni ya breki, aliyoiendesha bila madeni makubwa, ilibaki imara.

Mwaka huo wa 1911 chama cha wahandisi wa umeme cha Marekani kilimtunuku nishani yake ya juu kwa kazi ya mkondo geu. Nishani hiyo iliitwa Nishani ya Edison. Alifariki dunia mjini New York Machi 12, 1914, na mwaka uliofuata mwili wake ulihamishiwa makaburi ya kitaifa ya Arlington, kwa kuwa alikuwa askari wa zamani. Mkewe Marguerite, waliyeoana mwaka 1867, alimfuata miezi michache tu baada ya kifo chake.

Kwetu sisi

Swali la Westinghouse ndilo swali letu. Jua, upepo na maji havihamishiki. Makaa ya mawe na mafuta unaweza kuyapakia kwenye meli au lori, ukayachomea mjini. Mto na upepo hukaa vilipowekwa na Mungu. Hivyo anayetaka nishati hiyo lazima ajenge njia.

Kenya iliyaona haya kwa macho. Vinu 365 vya upepo vya Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, vyenye uwezo wa megawati 310, vilikamilika mwaka 2017. Upepo ulivuma, lakini njia ya zaidi ya kilometa 400 hadi Suswa haikuwa tayari. Migogoro ya fidia za ardhi na kufilisika kwa mkandarasi kutoka Hispania viliichelewesha hadi Septemba 2018, na serikali ililazimika kumfidia mwekezaji kwa umeme ambao haukumfikia mtu.

Tangu Novemba 2022 Kenya hupokea umeme wa maji kutoka Ethiopia kwa njia ya zaidi ya kilometa 1,000. Ajabu ni kwamba njia hiyo ni ya mkondo mnyoofu, wa volti 500,000. Vifaa vya kisasa vinaweza kufanya kile ambacho wakati wa Edison hakikuwezekana: kuupandisha mkondo geu volti nyingi, kuugeuza kuwa mnyoofu kwa ajili ya safari, na kuurudisha kuwa geu ukifika. Kwa masafa marefu sana, upotevu huwa mdogo zaidi, ingawa vituo vya kugeuzia ni ghali. Kwa hiyo Edison hakushindwa moja kwa moja. Kanuni ya Westinghouse ya volti kubwa safarini ndiyo iliyobaki bila kuguswa.

Tanzania nayo ina bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha mwaka 2024. Hata hivyo mwezi Machi 2025 serikali ilieleza nia ya kununua umeme wa Ethiopia kupitia Kenya kwa ajili ya mikoa ya kaskazini, kwa hoja kwamba umeme unaotoka kusini hupotea mwingi njiani. Wengi walishangaa: iweje mwenye bwawa anunue maji kwa jirani? Anayejua hesabu ya waya hashangai sana, ila atauliza njia ya kaskazini itaimarishwa lini.

Na mkulima asikae pembeni. Nguzo zitapita mashambani, na uzoefu wa Turkana unaonyesha kwamba fidia ikicheleweshwa au ikilipwa kwa upendeleo, mradi wote husimama. Mwenye shamba ajue mipaka yake na awe na hati mkononi kabla wapimaji hawajafika. Mjenzi wa njia naye ahesabu fidia kama sehemu ya waya, si kama sadaka.

Westinghouse aliwahi kuwa na maji, jenereta na wateja, akakosa fedha za kulipa madeni yaliyoiva. Kenya iliwahi kuwa na upepo, vinu na wateja, ikakosa waya. Hasara zote mbili ziliingia mahali pamoja, katikati ya mzalishaji na mteja, na hapo ndipo wanaopanga bajeti za nishati wanapopaswa kuanza kuhesabu.